Vuta N'kuvute au Nairobi Half Life? Kwanza niambie umekaa na nani

Kila Desemba nyumba yetu ya Tanga hujaa. Mama tunaishi naye siku zote, watoto wanarudi kutoka shule, na mwaka jana dada yangu aliyeolewa Nairobi alimleta mwanawe, kijana wa miaka ishirini na moja, aje apunge upepo wa bahari. Nina projekta ndogo niliyoinunua mtumba. Magharibi ikishapita nabana shuka jeupe kwenye kamba ya nguo uani, nachomeka spika, nazima taa ya nje, na majirani wanajisogeza mmoja mmoja na vigoda na mikeka yao. Umeme ukiwapo hatuna shida ya kitu. Shida ni moja tu, na hiyo hula nusu saa ya mwanzo: tunaangalia filamu gani?

Hakiki ninazozisoma hunipa nyota. Nyota nne, nyota tatu na nusu. Nyota haziniambii kama mama atasinzia, kama mdogo wa darasa la nne ataota vibaya usiku, au kama jirani yangu fundi cherehani ataondoka katikati na kigoda chake mkononi. Kwa hiyo nimejitengenezea kipimo changu, na kwa miaka minne kimenitosha. Nauliza: hii ni picha ya jicho au picha ya sikio?

Picha ya jicho ni ile ambayo hata ukizima sauti inakushika. Inataka giza la kweli, watu walionyamaza, na kitambaa kikubwa. Ukiiangalia kwenye simu ndani ya daladala umeipoteza. Picha ya sikio ni ile unayoweza kuifuata huku unachambua mchele, kwa sababu inabebwa na vinywa vya watu: wanavyotaniana, wanavyotukanana, wanavyodanganya. Hiyo haijali kioo kikubwa wala kidogo. Inachojali ni kama waliokaa hapo wanaielewa lugha inayosemwa, maana Kiswahili nacho kina mitaa yake. Kosa kubwa ni kuweka ya jicho kwenye kelele, au ya sikio mbele ya watu wasiosikia lugha yake. Nimeyafanya yote mawili.

Denge na Mwas

Nianze na Vuta N'kuvute na Nairobi Half Life, kwa sababu ndizo zinazogombaniwa nyumbani kwangu.

Vuta N'kuvute ya muongozaji Amil Shivji ilitoka 2021. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi ya 1999, ile ambayo wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanaijua zaidi kwa maswali ya mtihani kuliko kwa utamu wake. Tuko Unguja ya miaka ya 1950. Yasmini, binti wa Kihindi aliyeozwa mume asiyemtaka, anatoroka na kupata hifadhi kwa Mwajuma. Huko ndiko anakokutana na Denge, kijana aliyejitia katika harakati za kumwondoa Mwingereza. Ilionyeshwa Toronto mwaka huo huo, filamu ndefu ya kwanza ya Tanzania kufika kwenye tamasha lile, na mwaka uliofuata nchi ikaiteua kwenda kushindania Oscar.

Hii ni picha ya jicho, tena ya jicho kabisa. Shivji anapenda kuuacha uso nusu kwenye mwanga na nusu gizani, na hana haraka ya kuutoa hapo. Kuta za Mji Mkongwe, vichochoro vya usiku, nguo, jasho, yote yanapigwa kama mtu anayeogopa kwamba kesho hayatakuwapo. Niliwahi kuijaribu kwanza kwenye kompyuta, mchana, dirisha liko wazi. Sikuona kitu. Vivuli vyote viligeuka tope jeusi, nikasema picha hii wameisifia bure. Miezi baadaye nikaiweka uani, usiku usio na mwezi, na ikawa picha nyingine.

Lakini jicho hilo lina gharama. Shafi ni mwandishi wa sikio. Riwaya yake inakwenda kwa mazungumzo, kwa mizaha ya kijiweni, kwa watu wanaokatizana maneno. Ukiisoma kwa sauti unacheka peke yako. Shivji ni muongozaji wa jicho, na katika kuihamisha hadithi kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, gumzo lile limepungua sana. Siasa ya Denge, ambayo kitabuni inatoka kwenye mabishano ya vijana wenye njaa na ujuba, kwenye filamu mara nyingine inasikika kama maandishi ya bango. Mapenzi yake na Yasmini tunayaona vizuri kuliko tunavyoyasikia. Anayeirudishia filamu sikio lake ni Siti Amina, anayeigiza Mwajuma. Ni mwimbaji, na hilo linajulikana hata anapozungumza tu: maneno yake yana mdundo, yanapanda na kushuka, na kila anapoondoka mbele ya kamera unatamani arudi.

Mama alizaliwa Ng'ambo, Unguja, akaletwa Tanga na ndoa. Alikaa kwenye kiti chake cha ukindu, khanga mabegani, na dakika kumi za mwanzo hakusema neno. Kisha akaanza. "Huyu si wa kwetu," akasema kuhusu lafudhi ya mwigizaji mmoja. "Huyu ndiye. Msikilize anavyovuta." Baadaye: "Sisi tulikuwa hatutembei hivyo barabarani, hatukuwa na ujasiri huo." Kisha kikapita kipande cha kichochoro na mwanga wa taa ukutani, akanyamaza, na nilipomtazama alikuwa ameuweka mkono mdomoni. Hakunieleza alichokiona, nami sikumwuliza.

Binti yangu naye alikuja na kitabu. Hilo lilikuwa balaa. Kila baada ya dakika tano: "Baba, hapa wameruka!" "Baba, huyu kitabuni hayuko hivi!" Dakika tisini na kidogo haziwezi kuibeba riwaya ile, na filamu haikujaribu kuibeba yote. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa kidato cha tano, sikiliza: usimwachie filamu iwe badala ya kitabu, atafeli. Mpe kitabu kwanza, filamu baadaye, na umkalishe mbali na bibi yake.

Sasa Mwas. Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga ilitoka 2012. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza CD za filamu za ngumi na bunduki, na ili auze anaziigiza mwenyewe mbele ya wateja, anaruka, anapiga risasi kwa mdomo, anakufa na kufufuka. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji. Siku ile ile ya kufika anaporwa kila kitu, anaishia mahabusu, huko anakutana na Oti, na kutoka hapo maisha yake yanapasuka vipande viwili: mchana mazoezi ya jukwaani, usiku genge la wezi wanaoanza na vipuri vya magari na kuendelea. Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alipewa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la Durban, na filamu yenyewe ikawa ya kwanza kwa Kenya kuipeleka kwenye mbio za Oscar.

Hii ni picha ya sikio. Fumba macho uone: utajua Mwas yuko wapi kwa lugha peke yake. Kikikuyu na Kiswahili cha nyumbani, Sheng ya genge, Kiingereza cha watu wa jukwaani wenye magari yao. Kijana anabadilisha ulimi kama anavyobadilisha shati, na mahali anapokwama kidogo, neno linapochelewa kutoka, ndipo unapoona hofu yake. Wairimu anajua jambo hilo. Sauti yake inapanda anapodanganya.

Tuliiangalia kwa msaada wa mpwa wangu, aliyegeuzwa mkalimani kwa lazima. Mtu wa Tanga anaelewa kama nusu hivi ya Sheng ile, na nusu iliyobaki ndiyo yenye chumvi. "Anko, karao ni polisi." Fundi cherehani akajibu kutoka nyuma: "Kumbe njagu! Si mngesema njagu." Basi ikawa mashindano, kila neno la Nairobi likitafutiwa mwenzake wa Dar, watu wakacheka kuliko filamu yenyewe ilivyokusudia. Picha ya jicho ingekufa kwa kelele ile. Hii ilinenepa.

Nina malalamiko yangu. Amina, mwanamke wa pekee mwenye nafasi kubwa humo, ameandikwa kwa penseli. Tunajua kazi yake na tunajua nani anamtaka, lakini yeye mwenyewe anataka nini hatujui. Mchezo wa jukwaani anaofanyia mazoezi Mwas nao una kazi moja mno: kutueleza kwa Kiingereza kizuri kitu ambacho mtaa ulikwisha kutueleza kwa Sheng. Na kuna matusi, kuna damu, kuna malaya na wateja wao. Mtoto wa darasa la nne alipelekwa kulala, akachungulia dirishani, akakamatwa.

Ukiwa na usiku mmoja tu na umekaa na wazee, hasa wazee wa pwani, chukua Vuta N'kuvute. Ukiwa umekaa na vijana, au na watu ambao simu haziwatoki mkononi, chukua Nairobi Half Life. Ukiwa na siku mbili, ziweke mfululizo, Denge kwanza, Mwas kesho yake. Denge anapigwa na polisi wa Mwingereza, na kila kiungo cha filamu ile kinaamini kwamba siku ile bendera ikishuka mambo yatabadilika. Usiku wa pili unahamia bara, ng'ambo ya mpaka, kama miaka hamsini mbele, bendera ilishashuka zamani, na Mwas anakutana na askari wanaokula na wezi sahani moja. Hakuna aliyetengeneza filamu hizi ziangaliwe pamoja. Lakini mpwa wangu, ambaye usiku wa kwanza alisema ile ya Unguja inakwenda polepole kama jahazi lisilo na tanga, usiku wa pili katikati ya kipande cha mahabusu aligeuka akaniambia: "Anko, huyu karao si ni yule wa jana?" Sikuwa na la kuongeza.

Mbili za kifo, zote fupi

Supa Modo na Kati Kati zinafaa kupimwa kwenye mzani mmoja, kwa sababu zina mambo mengi ya pamoja: zote za Kenya, zote zimetoka katika mradi ule ule uliozaa Nairobi Half Life, ambapo wasanii wa Nairobi walifanya kazi bega kwa bega na muongozaji wa Kijerumani Tom Tykwer, zote zina dakika sabini na ushee tu, na zote zinamtazama marehemu au mtu anayekaribia kuwa marehemu. Zaidi ya hapo hazifanani hata kidogo.

Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018) ni ya mtoto Jo, mwenye miaka tisa, anayerudishwa nyumbani kutoka hospitali kwa sababu hakuna tena cha kufanywa. Jo anapenda filamu za mashujaa wanaopaa. Mama yake anataka alale, apumzike, asichoke. Dada yake, Mwix, anaona huko kulala ndiko kufa kwenyewe, basi anaanza kumdanganya kwamba ana nguvu za ajabu, na uongo ule unakua mpaka kijiji kizima kinaingia ndani yake.

Niliogopa kuiweka. Picha ya mtoto mgonjwa ni rahisi sana kuikamua machozi, kama kitunguu. Wainaina ana adabu kuliko nilivyodhani. Hakai muda mrefu kwenye ugonjwa. Anakaa kwenye wanakijiji, watu wazima wenye shughuli zao, wanaokubali kuonekana wapumbavu mchana kweupe kwa ajili ya mtoto wa jirani. Na mama wa Jo, aliyeigizwa na Marrianne Nungo, hakufanywa adui. Ana haki. Ndiyo maana filamu ikiisha watu hawakubaliani. Uani kwangu walibishana mpaka saa nne usiku: je, ni halali kumdanganya mtoto anayekufa? Jirani mmoja, mama wa watoto watano, alisema uongo ule ni sadaka. Mama yangu akasema yeye angemwambia ukweli, kisha baada ya kimya akasema hapana, asingemwambia.

Watoto wanaweza kuiangalia. Wa kwangu wa darasa la nne aliiangalia mwanzo hadi mwisho, na kesho yake alifunga taulo shingoni akaruka kutoka ukutani akachubuka goti. Hayo ndiyo madhara pekee ninayoyajua. Ni ya sikio na ya jicho kwa kipimo kinacholingana, jambo lisilo la kawaida, na Kiswahili chake kinafuatika hata kwa mtu ambaye hajavuka mpaka wa Horohoro kuingia Kenya.

Kati Kati ya Mbithi Masya (2016) inaanza na mwanamke, Kaleche, anayejikuta nyikani amevaa gauni la hospitali, hakumbuki kitu. Mbele yake kuna kambi ya wageni, kama zile za watalii, na wenyeji wake wanampokea vizuri, kisha wanamweleza kwa upole kwamba amekufa. Wote wamekufa. Wanaogelea, wanakula, wanacheza, na kila mmoja ana kitu alichokifanya akiwa hai ambacho hajakikubali. Toronto mwaka ule wahakiki wa kimataifa waliipa tuzo yao, ile ya FIPRESCI, na naelewa kwa nini: wahakiki wanapenda fumbo lililofungwa vizuri.

Ni ya jicho, lakini jicho la mchana, jua kali na majani makavu na watu wenye nguo safi wasio na pa kwenda. Masya alikuwa katika kundi la muziki la Just a Band, wale waliotuletea Makmende, shujaa wa mzaha wa video yao, na ucheshi mkavu wa vijana wale unaonekana hapa na pale. Kwa upande wa sikio ina tatizo kwa nyumba kama yangu: Kiingereza ni kingi, na Kiswahili kinaingia kama mgeni wa kupita. Niliiweka mara moja uani nikajuta. Watu walianza kunong'ona, wakaanza kumenya machungwa. Ila mama, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu, alinishangaza. Dakika ya ishirini akauliza: "Hawa wamekufa?" Nikamwambia ndiyo. "Basi hapo ni barzakhi. Wanangoja hesabu." Akajifunika khanga, akaendelea kuangalia, na alielewa mwisho wake haraka kuliko binti yangu aliyekuwa akisoma maandishi ya chini.

Hata hivyo sitaiweka tena mbele ya watu ishirini. Ni picha ya wawili au watatu, watu wanaoweza kukaa baada ya taa kuwaka wakaulizana mambo wasiyoulizana mchana. Kama una rafiki aliyefiwa karibuni, Supa Modo itamliza na kumpunguzia. Kati Kati inaweza kumfungulia kidonda. Mjue kwanza mtu wako.

Dar es Salaam, na habari ya geti

Mtu wa rika langu hawezi kuzungumzia picha za Dar bila kuzungumzia geti. Unalijua. Gari linapiga honi, mlinzi anakuja, geti linafunguliwa, gari linaingia lote, geti linafungwa, steringi, yaani mhusika mkuu, anashuka, anafunga mlango wa gari, anatembea mpaka barazani. Dakika mbili na nusu. Bongo Muvi, yaani filamu zetu za Tanzania, ya enzi za DVD iliishi kwa geti, kwa sababu hadithi ilikuwa lazima itoshe sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na sehemu mbili ni mauzo mawili. Muziki juu ya maongezi, maongezi juu ya maongezi. Tulizicheka, na tulizinunua zote. Mwigizaji wake mkubwa, Steven Kanumba, alipofariki Aprili 2012 Dar ilisimama, na umati uliokwenda kumzika Kinondoni haukuwa wa watu waliokuwa wakicheka geti.

Binti ya Seko Shamte (2021) haina geti. Ni hadithi nne za wanawake wanne wa Dar, kila mmoja na sura yake: mwenye biashara inayoelea kwenye madeni, aliye na mchumba mwenye mkono mwepesi wa kupiga, anayetafuta mtoto na kumkosa, na wa nne ambaye kwa nje hana shida. Iliingia Netflix, ikawafikia na watu wa nje ya nchi.

Sauti yake ni safi, na hilo pekee ni pumziko. Waigizaji wanapewa nafasi ya kunyamaza, jambo ambalo Bongo Muvi ya zamani ililiogopa kuliko kodi. Bertha Robert katika hadithi ya kwanza ana uso wa mtu anayepiga hesabu ya pesa huku anakuchekea, na nani kati yetu hajawahi kuwa na uso ule tarehe ishirini na tano ya mwezi? Lakini kila hadithi inakatika pale pale ilipoanza kukolea. Unataka kumjua zaidi huyu, umeshaletewa mwingine. Nyumba nazo ni nadhifu mno kwa Dar ninayoijua. Hata shida zao zimepigwa pasi.

Mgawanyo huo wa vipande, ambao ni udhaifu wake, ndio unaoifaa simu. Unaweza kuangalia sura moja ukisubiri foleni ya kliniki, sura nyingine usiku, hupotezi uzi. Kati ya zote nilizozitaja, hii ndiyo ninayomwambia mtu aliyeko Muscat au Minneapolis, mwenye bando na asiye na uani, aanze nayo. Ni ya sikio zaidi, na Kiswahili chake ni kile cha ofisini na saluni cha Dar, ambacho Mkenya anakielewa bila mkalimani. Mke wangu anaipenda kuliko Vuta N'kuvute na haombi radhi. Anasema Yasmini anatazamwa sana, wa Binti wanasikilizwa. Nimejaribu kumpinga kwa mwaka mzima.

Na moja ambayo sijaiweka uani

Nitakuwa mwongo nikiiruka Rafiki ya Wanuri Kahiu (2018), maana kila orodha ya filamu za Kenya inaitaja. Ni mapenzi ya wasichana wawili wa mtaa mmoja, Kena na Ziki, ambao baba zao wanashindana katika siasa. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kwenye tamasha la Cannes, na ilikwenda huko ikiwa tayari imepigwa marufuku nyumbani. Septemba ya mwaka ule mahakama iliiruhusu kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa.

Sitaiweka kwenye shuka langu. Majirani zangu nawajua, na mama namjua zaidi. Niliiangalia mwenyewe. Kinachobaki baada ya kelele zote ni rangi, waridi na zambarau zilizomwagika mpaka kwenye kuta, mtaa uliopakwa kama kanga mpya, na Samantha Mugatsia, ambaye kwa nafasi ya Kena alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la FESPACO 2019. Hadithi yenyewe ni nyembamba. Siasa ya baba wawili ingeweza kuwa filamu, ikabaki pazia la nyuma. Wanaoisifu na wanaoilaani wengi wao wanazungumzia marufuku, si picha.

Kwa Desemba hii nimeshapanga, ingawa ratiba yangu inaendeshwa na hali ya hewa. Kaskazi likianza kuvuma uani kwetu shuka linatuna kama tanga, nyuso zinakunjamana, na Mji Mkongwe wote wa Shivji unapepea. Usiku wa namna hiyo sihangaiki na jicho; naweka Mwas, nasogeza spika karibu na mikeka, na mpwa wangu, ambaye ameshatuma ujumbe kwamba anakuja tena, anakaa katikati atafsiri. Upepo ukitulia, naweka Denge. Mama ameshanionya kwamba safari hii mwenye kitabu akae jikoni.